Oti mwitu itambuliwe kwenye jani, si kwenye suke

Mhariri,

Makala yenu kuhusu magugu ya ngano iliwashauri wakulima wasubiri suke litoke ndipo waitambue oti mwitu (Avena fatua). Kwa kutambua, sawa. Kwa palizi, mmechelewa. Nyasi hii ya msimu mmoja, iliyotoka Ulaya na Asia ikaota mizizi kwenye mashamba ya nafaka katika mabara mengine, huanza kupukutisha mbegu kabla ngano haijafikia kuvunwa, na mbegu hizo hukaa ardhini miaka kadhaa zikiwa hai.

Ng'oa mche wenye majani matatu. Livute jani taratibu litengane na shina, kisha chunguza pale linapokutana na ala yake, ile sehemu ya chini ya jani inayolizunguka shina. Hapo ngano ina visikio viwili, yaani vijipembe vidogo vinavyochomoza pande mbili, vifupi na vyenye vinyweleo. Vya shayiri ni virefu, havina vinyweleo, na hulikumbatia shina hadi kupishana. Oti mwitu haina visikio kabisa. Ina ulimi tu, utando mweupe uliochanikachanika ukingoni. Wengi hukosea kwa kuchagua jani la chini lililozeeka, ambalo visikio vyake vimeshanyauka, wakaiita ngano yao gugu. Chukua jani changa lililokwisha kufunguka, na lenzi ya kukuza mara 10. Kisha tazama msokoto kutoka juu: jani la oti hujisokota kinyume cha mwendo wa saa, la ngano na shayiri hufuata mwendo wa saa.

Njia hii haitenganishi oti mwitu na oti ya kupandwa. Hapo ndipo suke lina kazi, ila rangi na manyoya ya mbegu yaacheni, hubadilika mno. Tazameni kitako cha mbegu iliyokomaa. Ya mwitu ina kovu la mviringo lililo wazi, na kila mbegu ya kisuke, yaani kijikonyo cha suke chenye mbegu chache, hudondoka peke yake. Avena sterilis, ndugu yake, huangusha kisuke kizima, kovu likiwa kwenye mbegu ya chini pekee. Ya kupandwa haina kovu hilo wala haipukutiki yenyewe. Udevu wa oti mwitu, ule unywele mrefu mgumu unaotoka kwenye mbegu, nao umepinda katikati, na chini ya pindo umesokotwa. Ukidondoshewa maji huanza kujizungusha polepole.

Sahihisho jingine: 2,4-D, dawa ya kuua magugu mliyoipendekeza, huua magugu ya majani mapana. Oti mwitu ni nyasi kama ngano yenyewe, itabaki imesimama.

Msomaji wenu