Tochi za mwanga mwekundu ziuzwe pamoja na vipimo vyake

Mhariri,

Tochi za mkononi zinazotoa mwanga mwekundu kwa ajili ya maumivu ya viungo na misuli sasa zinauzwa kila kona, madukani na mitandaoni. Sisi tunaofanya kazi ya fiziotherapia tunaulizwa kila siku kama zinasaidia. Hatuwezi kujibu kabla ya kujua mambo manne: ni ya nanomita ngapi (urefu wa wimbi la mwanga wake), ina miliwati ngapi (nguvu ya mwanga huo), inawekwa wapi na kwa sekunde ngapi. Mnunuzi hayajui, kwa sababu boksi halisemi. Limeandikwa "wati 9" na kuchorwa goti linalong'aa, basi. Tunaandika kwa sababu watu wanatoa fedha zao kununua kitu ambacho kikitumiwa sawasawa kinaweza kuwapunguzia maumivu, halafu wanakitumia kwa namna isiyoweza kuwasaidia chochote.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo mtaani vyote huitwa taa nyekundu. Lile balbu kubwa jekundu la wati 150 au 250 lililo kwenye vitengo vingi vya fiziotherapia ni taa ya joto. Huwekwa mbali kidogo na mwili, kama nusu mita, kwa dakika 15 hadi 20, ili misuli ipate joto na kulegea. Tochi tunayoizungumzia haifanyi kazi kwa joto. Mwanga wake hupenya ngozi na kunyonywa ndani ya seli, kwenye mitokondria zinazotengeneza nguvu ya seli, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kuna kimeng'enya humo kinachoamshwa na mwanga huo, kisha uvimbe na maumivu hupungua. Jambo hili lilianzia Budapest mwaka 1967. Daktari Endre Mester alimulika panya walionyolewa kwa leza ya nanomita 694 akitaka kuona kama itawaletea saratani. Saratani haikutokea, ila manyoya yao yaliota upesi kuliko ya wenzao. Kwa hiyo tochi ikikuchoma ngozi, usidhani ndiyo dawa inaingia. Iondoe.

Nanomita ndizo zinazoeleza rangi ya mwanga na kina unachofika. Mwanga unaoonekana mwekundu, nanomita 630 hadi 660, hauendi mbali. Unafaa kwa ngozi, vifundo vya vidole na kano zilizo juu juu. Kwa goti, bega na misuli minene unahitajika ule ambao macho hayauoni vizuri, wa nanomita 808 hadi 850. Kwa wasomaji wenye ngozi nyeusi hili lina uzito wa pekee, kwa sababu weusi wa ngozi hunyonya zaidi mwanga mwekundu kuliko ule usioonekana. Tochi yenye rangi nyekundu peke yake itapasha ngozi yetu joto haraka zaidi, na mwanga utakaofika ndani utakuwa mchache. Kuongeza dakika ili kufidia ni kosa.

Kosa la dakika ndilo tunalolikuta zaidi ya yote. Dozi ya mwanga hupimwa kwa jouli, na hesabu yake ni rahisi: wati mara sekunde. Chama cha kimataifa cha tiba hii, WALT, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kwa leza za nanomita 780 hadi 860, kinataka angalau jouli 4 kwa kila nukta kwenye viungo na kano nyingi, na kwa goti jumla isiyopungua jouli 12. Tuchukue kifaa cha aina inayouzwa sana: daiodi 3, yaani vijitaa vidogo vya leza, za nanomita 808, kila moja miliwati 200, na daiodi 12 za nanomita 650, kila moja miliwati 5. Daiodi moja ya miliwati 200 hutoa jouli 4 kwa sekunde 20 tu. Zote tatu kwa pamoja hutoa jouli 12 ndani ya sekunde hizo hizo. Sasa kipima muda cha kifaa hicho kimewekwa dakika 15, na mgonjwa anakiacha pale pale mpaka kijizime: daiodi hizo tatu pekee zinatoa jouli 540 mahali pamoja. Hata kama mwanga unawakawaka na nusu ya muda umezimika, bado ni 270. Tiba hii ina tabia ya kuwa dozi ndogo haifanyi kitu, dozi ya kati inasaidia, na dozi kubwa mno inaua faida yote. Mgonjwa huyo atasema kifaa ni cha bure, na atakuwa amesema kweli kwa namna alivyokitumia.

Kwa tochi za LED, zile zisizo za leza, hesabu ni hiyo hiyo, ila jihadharini na wati za kwenye boksi. "Wati 9" ni umeme unaoingia. Mwanga unaotoka ni sehemu tu ya hizo, nyingine zinabaki kuwa joto. Tochi inayotoa kweli miliwati 300 za mwanga itakupa jouli 18 kwa dakika moja, zikitawanyika kwenye eneo lote la kichwa chake. Kwa goti, dakika moja hadi moja na nusu kila upande inatosha.

Goti lenyewe hulengwa hivi. Keti kwenye kiti, goti likunjwe kiasi, nguo ipandishwe juu kabisa. Hata kitambaa chepesi cha kanga hukata mwanga. Futa mafuta na dawa ya kuchua. Dawa hizo zenye mentoli huipumbaza ngozi usisikie joto likizidi, tena huacha utando kwenye kioo cha tochi. Ukitaka kuchua, chua baada ya mwanga. Kisha papasa pembeni ya pia ya goti, shuka kidogo kwa kidole mpaka kizame kwenye mfereji mwembamba kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Huo mfereji ndio mlango wa goti. Weka tochi hapo ikiwa imegusa ngozi na kukandamiza kidogo, kwa sababu mgandamizo husukuma damu pembeni na mwanga hupita vizuri zaidi. Nukta mbili upande wa ndani, moja au mbili upande wa nje. Usiiweke juu ya pia ya goti, mfupa ule unaziba. Na usiinue tochi ikaelea sentimita 10 hewani kama anayemulika njia, maana mwanga wa LED hutawanyika na mwingine hurudishwa na ngozi.

Vidole ni rahisi: nukta moja kila ubavu wa kifundo. Kano ya kisigino imulikwe pande zote mbili. Kwa bega, peleka mkono mgongoni kama unayejikuna kiunoni, ndipo kano inayouma inapotokeza mbele chini ya mfupa. Mkono ukining'inia kawaida, kano hiyo imejificha. Nyonga ya mtu mzima iko ndani mno, hatuoni sababu ya kuipotezea betri.

Ratiba ya WALT ni kila siku kwa wiki 2, au siku moja ndiyo na moja hapana kwa wiki 3 hadi 4. Kabla ya kuanza, kaa kwenye kiti bila kushika popote, uhesabu umesimama na kuketi mara ngapi ndani ya sekunde 30, na uandike maumivu yako ya kupanda ngazi au kuinuka kwenye sijida kwa alama 0 hadi 10. Rudia mwisho wa wiki ya nne. Namba zisiposogea, acha. Na katika muda huo huo fanya zoezi la paja: ukiwa umeketi, nyoosha goti, shikilia sekunde 5, mara 10, mizunguko 3. Goti lililosagika linategemea sana nguvu ya msuli huo, na mwanga hauongezi nguvu ya paja la mtu asiyelitumia.

Ushahidi upo, lakini haukubaliwi na wote, na msomaji anastahili kujua hivyo. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la BMJ Open mwaka 2019, wa majaribio 22 yenye wagonjwa 1,063 wa goti, ulikuta maumivu yalipungua kwa waliopata dozi ya WALT, na waliopata pungufu hawakuwa na tofauti ya maana na waliopewa kifaa bandia. Kwa shingo, jarida la Lancet lilichapisha matokeo mazuri mwaka 2009 kutoka majaribio 16. Upande mwingine, taasisi ya NICE ya Uingereza katika mwongozo wake wa mwaka 2022 iliwaambia madaktari wasitoe tiba ya leza kwa viungo vilivyosagika, kwa kuwa haikuridhika na ushahidi. Halafu majaribio hayo yalifanywa kwa leza zilizopimwa, si kwa tochi yoyote ya sokoni. Sisi tunaona inafaa kujaribiwa na mwenye goti, shingo au kano inayouma kwa muda mrefu, kwa dozi sahihi na kwa wiki zilizotajwa. Zaidi ya hapo hatuwezi kuahidi.

Wapo ambao hawapaswi kuigusa kabla ya kuonwa hospitali. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani na huharibika kwa siku chache. Shavu la mguu mmoja lililovimba na kuuma linaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa. Maumivu ya mifupa ya mgonjwa wa siko seli si ya kumulikwa nyumbani. Mgongo unaouma pamoja na ganzi sehemu za siri au mkojo kutoka wenyewe ni dharura ya siku hiyo hiyo. Usimulike macho, tumbo la mjamzito, wala mahali penye saratani. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni anaweza kuungua bila kujua. Anayetumia dawa zinazofanya ngozi ishindwe kuvumilia mwanga, antibiotiki ya doksisaiklini ikiwa mojawapo, amuulize mfamasia kwanza.

Anayekwenda kununua afanye jaribio dogo dukani. Awashe tochi na kuitazama kupitia kamera ya simu, kamwe si kwa macho. Daiodi za nanomita 808 au 850, ambazo kwa macho huonekana zimezimika au zina wekundu hafifu, kwenye kamera huwaka nyeupe au zambarau. Kamera ya nyuma isipoonyesha, ajaribu ya mbele. Zisipowaka popote, huenda hazipo au zimekufa. Na muuzaji anaposema kifaa "kimepitishwa na FDA", mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, aulizwe kimepitishwa kwa kazi gani. Vingi huruhusiwa kwa sababu tu vinafanana na vifaa vilivyokuwapo sokoni, tena kama taa za kupasha joto la kupunguza maumivu madogo kwa muda.

Ombi letu kwa waagizaji ni mstari mmoja kwenye boksi, kwa Kiswahili: nanomita, miliwati za mwanga kwa kila daiodi, kama mwanga unawaka mfululizo au unawakawaka, na kama ni leza, daraja lake la usalama. Chini yake iandikwe namba ya usajili ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) kwa Tanzania au ya Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Na kwako Mhariri, tangazo lolote linaloahidi kwamba tochi itaotesha upya gegedu la goti, tunaomba lisipate nafasi katika kurasa zako.

Wahudumu wa fiziotherapia,
Tanga