Mwanangu aliniambia nikaliegeshe gari langu kwa jirani

Mpendwa Shangazi,

Salaam nyingi kutoka Mwanza. Ninakuandikia saa tisa kasorobo usiku na sijapata usingizi. Mvua imeanza tena, na kila inapoanza mimi huamka kwenda dirishani kuangalia kama turubai bado limekaa juu ya gari, kisha hurudi kitandani na kuisikia upya sauti ya mwanangu akiniambia nikaliegeshe kwa jirani. Najua huenda nimekuzidi umri, lakini nakuita Shangazi kama wanavyokuita wengine, kwa sababu jambo hili siwezi kumweleza mtu wa ukoo wala wa jumuiya bila kesho yake kulikuta limeshafika sokoni.

Ilikuwa Jumamosi ya posa ya binti yangu wa mwisho. Wageni walikuwa wanatoka Musoma na tuliwatarajia kabla ya saa tano. Gari nilikuwa nimeliosha tangu alfajiri, limesimama mahali pake pa siku zote chini ya dirisha la sebule, paa limefungwa vizuri, wala halimzuii mtu kupita. Mwanangu mkubwa, ambaye tangu baba yao afariki ndiye anayetangulia katika mambo ya namna hii, alinifuata jikoni akaniambia kwa sauti ya chini: "Mama, naomba ukaliegeshe lile gari kwa jirani kabla wageni hawajafika. Watatuonaje?" Hakunifokea, wala hakunitukana. Ingekuwa afadhali angenitukana, kwa maana tusi ningelijibu. Niliweka mwiko chini, nikafuta mikono kwa khanga niliyojifunga, nikalitoa gari langu mwenyewe kwenye kiwanja changu mwenyewe na kulipeleka chini ya mwembe wa jirani kama mtu anayeficha kitu cha wizi.

Nisije nikaonekana mama mwenye tamaa za uzeeni, naomba nikueleze pesa ilikotoka. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 34, na miaka yangu ya mwanzo nilifanya kazi upande wa Sengerema. Nilistaafu nikiwa na miaka 60. Mafao yalipotoka nilimalizia dari na choo cha ndani, nikalipa deni lililokuwa limebaki la ada ya binti, nikaweka akiba benki, na kilichosalia kilikuwa changu. Mwanangu alitaka ninunue Noah ya kubeba abiria tuiweke barabarani, dereva awe analeta hesabu kila jioni. Nilikataa, kwa sababu nimewaona wastaafu wenzangu walivyozeeka kwa kumngojea dereva anayeleta visingizio badala ya hesabu. Mimi nilinunua gari la viti viwili, lenye paa la kitambaa linalokunjwa nyuma, kwa milioni tisa, kutoka kwa bwana mmoja aliyekuwa anahama nchi. Sikukopa, wala sikumwomba mtoto yeyote hata mia.

Ni gari la mwaka 1992, injini ya cc 1600, gia za mkono. Pembeni limeandikwa Eunos, jina ambalo Mazda walilitumia kuliuzia kwao Japani, na taa zake za mbele huinuka unapoziwasha na kulala unapozizima. Siyo gari la kuokoteza kama watu wanavyodhani, maana aina hii ilianza kuuzwa mwaka 1989 na kufikia mwaka 2016 yalikuwa yametengenezwa milioni moja. Namweleza mwanangu haya yote naye anatazama simu.

Kabla ya hapo sikuwahi kumiliki gari lolote, Shangazi. Nilijifunza udereva miaka ya nyuma kwa ajili ya kazi, lakini kumiliki ni kitu kingine, na kumiliki gari la zamani la aina hii ni kama kumuuguza mtu ambaye huwezi kumwachia zamu mtu mwingine. Yule bwana aliniachia daftari, nami nimelifuata kama nilivyokuwa nafuata faili la mgonjwa. Kioo cha nyuma si kioo, ni plastiki, na kabla ya kukunja paa ni lazima ufungue zipu yake ukilaze kwanza, la sivyo kinajikunja na kupasuka. Betri imo ndani ya buti, na inatakiwa iwe ya aina yenye mirija ya kupeleka mvuke nje. Fundi wangu wa kwanza aliniwekea betri ya kawaida kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo dukani, na nisingelisoma daftari, mvuke wa asidi ungekula bati la buti nisijue. Mkanda wa taimingi niliubadilisha mwezi wa kwanza, kwa sababu haikujulikana ulibadilishwa lini na ilipasa uwe umebadilishwa kila kilomita 100,000. Njia ya kuja kwangu huku Kiseke ina mawe, na gari lenyewe liko chini, hivyo najua kila jiwe la kukwepa kwa gurudumu la kulia na kila tuta la kupanda kwa upande.

Kilichosisitizwa zaidi katika daftari hilo ni mirija miwili midogo iliyoko nyuma ya viti. Maji ya mvua yanayoteremka juu ya paa huingia humo na kutokea chini ya gari. Ikiziba kwa majani au vumbi, maji hukosa njia, hujaa na kumwagikia ndani, mengine hukaa kwenye vyuma vilivyo chini ya milango na kuvila kwa kutu taratibu, huku nje rangi inang'aa. Kila Jumapili nikitoka misa nilikuwa naisafisha kwa kipande cha mrija laini wa plastiki, pole pole, kama mtu anayemwekea mtoto mchanga mrija wa chakula.

Sasa niambie, majani ya mwembe yaliingia humo kwa kosa la nani? Wageni walilala. Gari lilikaa chini ya mwembe ule siku mbili, na usiku wa kwanza ilinyesha mvua kubwa ya vuli, ile inayotoka ziwani na upepo. Turubai langu lilikuwa nyumbani. Nilikuwa macho, nikisikia mvua kwenye bati, na sikuthubutu kutoka na turubai mkononi mbele ya wageni waliolala sebuleni, kwa kuwa ningeulizwa naenda kufunika nini. Nilipolifuata Jumatatu, zulia lilikuwa limelowa chapachapa na maji yalikuwa yanacheza chini ya kanyagio la klachi. Fundi wa bodi alipoinua zulia na kubonyeza chuma cha chini ya mlango wa kushoto, kidole gumba chake kilipenya. Yeye ni mtu mkweli, akaniambia kutu ile ni ya miaka mingi na haikuanza siku ile. Nimemsikia. Lakini moyo wangu unaniambia ilianza siku ile. Anataka laki sita na nusu kukata, kuchomelea na kupuliza rangi, na nilipomweleza mwanangu alisema neno moja tu: "Si nilikwambia?" Hakuniambia mambo ya kutu. Aliniambia nikaliegeshe kwa jirani.

Ninakubali kwamba gari lina viti viwili na nina wajukuu wanne. Nawapakia mmoja mmoja, tena kwa zamu waliyoipanga wenyewe. Nakubali pia kwamba mjane wa miaka 61 anayepita Kirumba paa likiwa wazi anatazamwa. Mimi siendi mbio. Natoka saa kumi na moja jioni jua likiwa limepoa, nazunguka Capri Point, nasimama mahali ninapoona maji, narudi. Zile siku wadudu wa ziwani wanapoinuka kama moshi nafunga paa, maana wakikuingia machoni huoni njia.

Kuna siku moja ambayo sijamsimulia mtu. Mwezi wa nane nilitoka peke yangu nikaenda hadi Daraja la JPM, lile linalovuka ziwa kutoka Kigongo hadi Busisi, ambalo lilifunguliwa Juni 2025. Nikiwa muuguzi kijana nilivuka pale kwa kivuko sijui mara ngapi, na kuna usiku nilikaa Busisi na mama aliyekuwa anavuja damu, nimemshikia chupa ya dripu juu, tunakiona kivuko kikiwa bado ng'ambo ya pili. Siku ile nilikunja paa Kigongo, nikapita kilomita 3 za daraja kwa mwendo wa taratibu, maji yako kulia na kushoto, na hakuna kitu kati ya kichwa changu na mbingu. Nilifika Busisi nikaegesha pembeni nikalia. Ukiniuliza gari la viti viwili lina faida gani, sina jibu lingine zaidi ya hilo, na si jibu ambalo ningeweza kulitoa jikoni huku pilau linaungua.

Lipo na jingine ambalo ndilo linaniamsha hasa. Mchana ule shangazi wa bwana harusi, mama mtu mzima mwenye heshima zake, alitoka nje kupunga upepo, akaliona gari kupitia ua wa jirani. Akarudi akiwa na tabasamu akauliza kile kigari kizuri ni cha nani. Mwanangu alinitazama. Nami nikasema ni cha jirani. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu, Shangazi. Nilikikana kitu changu mbele ya mtu ambaye, kwa jinsi alivyouliza, huenda angetaka apandishwe.

Nimeshaamua kuliuza. Gharama zimezidi, vipuri vyake havipatikani kila duka, na paa lenyewe lilishonwa upya na fundi wa viti kwa kitambaa ambacho si chake. Mnunuzi amepatikana, kijana mmoja kutoka Shinyanga, na anatoa milioni saba hivihivi na kutu yake. Hakuja kwangu, alikwenda kwa mwanangu, kwa sababu kadi ya gari ina jina la mwanangu. Wakati wa kununua nilikuwa nimelazwa kwa presha na mwenye gari alikuwa amebakiza siku chache aondoke, basi nilimpa mwanangu fedha akamalizie uhamisho wa umiliki TRA, kwa watu wa mapato, akatumia namba yake ya mlipa kodi akisema tutabadilisha nikitoka hospitali. Mwezi wa pili baadaye nilimkumbusha, akacheka akasema, "Mama, kwani unaniona mwizi?" Sikuuliza tena. Imepita miezi 14. Bima nalipa mimi, mafuta mimi, fundi mimi.

Nimesema nimeamua kuliuza, lakini leo asubuhi nimemlipa fundi wa bodi nusu ya fedha yake aanze kazi. Sijui kwa nini nimefanya hivyo. Nasema pia kwamba sihitaji mwanangu aniombe radhi, maana ni mtoto mzuri, amemsomesha mdogo wake, na siku ile alikuwa na wasiwasi wa heshima ya nyumba yetu, tena angekuwepo baba yake huenda naye angesema vilevile. Halafu ikifika saa hizi namtaka aje asimame palepale jikoni aniambie, "Mama, nilikosea kukwambia ukaliegeshe kwa jirani." Basi, hilo tu. Gari akitaka alichukue.

Hapana, asilichukue.

Nifanyeje, Shangazi, nimwombe kadi yangu bila kumfanya aone namwita mwizi, na bila jambo hili kufika kwa wakwe wa dada yake kabla ya harusi ya Februari? Nimefikiria kumtuma baba yake mdogo, lakini yeye naye alicheka alipoliona gari. Nimefikiria kwenda peke yangu TRA kuuliza, nikaona kumchunguza mwanangu kwenye ofisi za watu ni kumvua nguo. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi ikiwezekana, kwa kuwa ndiyo siku ambayo yule kijana wa Shinyanga ameahidi kuja na fedha, na ufunguo wa pili anao mwanangu.

Mama wa Kiseke,
Mwanza