Tutajieni na upepo, si mvua peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie misafara ya baiskeli inayopita barabara za pwani, hasa siku ambazo hali ya hewa haitabiriki. Kila mwisho wa wiki unapokaribia tunaulizana kama mvua itanyesha. Ukurasa wenu wa hali ya hewa nao hutujibu hilohilo, mvua na joto. Upepo hautajwi, au unapewa neno moja tu. Ilhali kwa aliye juu ya baiskeli kando ya bahari, upepo ndio unaoamua siku itaishaje.

Hivi karibuni nilikuwa katika msafara wa namna hiyo. Asubuhi bahari ilikuwa shwari, tukienda wawili wawili huku tukizungumza. Ilipofika saa tano upepo wa baharini ukaanza, kama ilivyo kawaida yake: jua likishapasha nchi kavu, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na ile ya baridi ya baharini huja kushika nafasi yake, ikizidi nguvu kuelekea alasiri. Kwa kuwa barabara inafuata ufuko, upepo huo haukuja usoni wala mgongoni. Ulitupiga ubavuni, na hapo msafara ukakatika.

Asiyewahi kuendesha katika kundi huenda asielewe kwa nini. Hewa ikiwa tulivu, mwenzako wa mbele ndiye anayeipasua, nawe nyuma yake unaokoa hata robo ya nguvu zako na zaidi. Upepo ukitoka ubavuni kinga hiyo huhama, inakuwa mshazari nyuma yake, upande ule upepo unakoelekea. Waendeshaji hujipanga mshazari kuifuata, lakini barabara yenye magari haina upana wa kuwatosha wote. Wachache wa mbele hukingika. Waliobaki husukumwa hadi ukingoni mwa lami, kila mmoja akipambana na upepo peke yake, na kasi iliyokuwa rahisi asubuhi inawamaliza.

Nilimtazama mwenzetu mmoja pale ukingoni. Ameinamia usukani, mkono wa upande wa bahari umekakamaa, gurudumu la mbele likiteleza kwenye changarawe. Lori likampita upande wa baharini. Kwa sekunde chache lilimzibia upepo, na yeye aliyekuwa ameuegemea akayumba kuelekea ubavuni mwa lori. Lilipomalizika kupita, upepo ukamrudia kwa nguvu zote na kumtupa nje ya lami. Hakuanguka, namshukuru Mungu. Wa mbele hawakujua lolote, maana upepo ulikuwa umemeza sauti zetu, nao walikuwa wameshatokomea.

Mvua ilipofika ilitukuta tumeshatawanyika. Mvua tunaijua. Unapunguza mwendo, unaacha nafasi, unabana breki mapema kwa sababu zile za rimu hazishiki vizuri hadi maji yafutike, unakwepa mistari ya rangi na mifuniko ya chuma. Ngurumo ikisikika ndani ya sekunde 30 baada ya umeme kumulika, mnaingia ndani ya jengo na kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Viongozi wa misafara huyasema haya kabla ya kuondoka. Ya upepo hayasemwi.

Wapo wanaodai kwamba anayeachwa nyuma aongeze mazoezi. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliye ukingoni bila kinga huenda anatumia nguvu nyingi kuliko wale wanaomkimbia, na kumwacha peke yake kati ya lori na changarawe ni kumhatarisha. Upepo wa ubavuni ukianza, msafara ugawanywe katika vikundi vya watu wanne au watano, vyenye nafasi ya kutosha magari kupita. Wenye nguvu wakae upande wa upepo badala ya kukimbilia mbele, na mwendo upangwe na wa mwisho. Mzoefu mmoja abaki nyuma kabisa. Na saa ya kugeuza ijulikane kabla ya kuondoka, ili alasiri isiwakute mbali.

Lakini kiongozi hawezi kupanga hayo bila taarifa. Upepo wa kilomita 40 kwa saa hausukumi mara mbili ya ule wa kilomita 20, unasukuma mara nne, kwa hiyo kutuandikia "upepo wa wastani" hakutusaidii. Mistari mitatu chini ya jedwali lenu la Ijumaa ingetutosha: upepo utatoka wapi, utaanza kuongezeka saa ngapi, na mivumo yake mikali ya ghafla itafika kilomita ngapi kwa saa.

Wako,
Mwendesha baiskeli