Wasia usio na mpinzani bado unadai shahidi

Bwana Mhariri,

Nimesoma katika gazeti lako barua ya msomaji wa Kampemba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayelalamika kwamba mahakama moja ya India imekataa kuupokea wasia wa marehemu baba yake, mfanyabiashara aliyeishi Lubumbashi hadi mauti yalipomkuta, ingawa watoto wake wote, wa mama wa Kihindi na wa mama wa hapa Katanga, wametia sahihi karatasi moja kuwa hawana neno juu ya wasia huo. Anasema wakili wa kule, anayewaambia kwamba ni lazima shahidi wa wasia athibitishe, anawazungusha ili awakamue fedha, kwani ikiwa hakuna anayepinga, kuna nini tena cha kuthibitisha? Mimi ni karani katika ofisi ya mawakili hapa mjini, na makaratasi ya familia zenye mali huku na huko hupita mezani kwangu. Wakili huyo simjui, wala bei yake siitetei, lakini katika hili aliwaambia kweli, na kwa maoni yangu sheria anayoifuata ina busara kuliko desturi yetu ya kumaliza mirathi kwa sahihi za kikao kimoja.

Nyumba hufuata sheria ya nchi ilimojengwa. Nyumba ya marehemu inayozungumzwa iko Rajkot, katika jimbo la Gujarat, India. Basi wasia, hata kama uliandikwa huku, utapimwa kwa kifungu cha 63 cha Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1925. Kifungu hicho kinataka mwenye wasia atie sahihi au alama yake, au mtu mwingine amtilie mbele yake na kwa agizo lake. Kisha wawepo mashahidi wawili au zaidi, kila mmoja wao awe amemwona akitia sahihi, au awe amepata kwake mwenyewe kukiri kwamba sahihi ile ni yake, na kila shahidi atie sahihi yake mbele ya mwenye wasia. Si lazima mashahidi wakutane wote kwa wakati mmoja. Hapo tayari wengi wetu hujikwaa, maana Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inakubali wasia ulioandikwa wote kwa mkono wa marehemu, wenye tarehe na sahihi yake, pasipo shahidi hata mmoja. Karatasi ya namna hiyo, iliyo halali kabisa hapa Lubumbashi, haitoshi kuhamisha nyumba iliyoko Rajkot. (Kama marehemu angekuwa Mwislamu, mambo yangebadilika: kifungu hicho hakimhusu Mwislamu, wasia wake waweza hata kuwa wa mdomo, ila hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi. Mwandishi hakutaja dini ya baba yake, lakini kwa kuwa wanadaiwa mashahidi, nachukulia kwamba hakuwa Mwislamu.)

Sasa tuje kwenye lile linalomuudhi. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambacho tangu tarehe 1 Julai 2024 kimekuwa kifungu cha 67 cha sheria mpya ya ushahidi iliyotungwa mwaka 2023, kinasema kwamba hati ambayo sheria inaitaka iwe na mashahidi haitatumika kama ushahidi hadi angalau shahidi mmoja aitwe kuithibitisha, ikiwa yu hai, mahakama inaweza kumfikia, na ana uwezo wa kutoa ushahidi. Kwa hati nyingine zilizosajiliwa, sheria imelegeza: shahidi haitwi mpaka atokee mtu wa kukana kwa kutaja wazi kwamba hati haikutiwa sahihi. Lakini wasia umetolewa katika ulegezaji huo kwa maneno yasiyo na utata. Kwa hiyo muhuri wa notere, yaani ofisa wa kuthibitisha hati, ambao mwandishi wa barua ile anaujivunia, na hata usajili kama ungefanyika India kwenyewe, hauchukui nafasi ya shahidi. Mahakama ya Juu kabisa ya India ililisema jambo hili waziwazi katika shauri la Ramesh Verma na Lajesh Saxena: masharti ya kuthibitisha wasia yanabaki yale yale hata kama upande wa pili haukuukana.

Kwa nini wawe wagumu hivyo? Katika uamuzi unaorejelewa mpaka leo, wa shauri la Venkatachala Iyengar, uliochapishwa mwaka 1959, majaji walieleza kwamba hati nyingine mwenyewe anaweza kuulizwa, lakini wasia unafunguliwa mbele ya mahakama wakati aliyeuandika hayupo tena kusema kama ni wake au si wake. Mimi naongeza sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa. Hukumu ya kuthibitisha wasia haiwafungi waliotia sahihi peke yao. Inafunga watu wote, wakiwemo wasiojua kwamba kuna shauri. Ndiyo maana jaji anaweza kuagiza wito utolewe kwa kila mwenye haki au dai juu ya mali hiyo, na ndiyo maana ukimya wa waliopo hautoshi. Sisi wenyewe tunayajua haya. Matanga yanakwisha, baraza la familia linakaa, wanamteua mtu wa kugawa mirathi, wote wanatia sahihi, na parseli, yaani kiwanja cha marehemu, inauzwa. Halafu anafika kijana kutoka Likasi na hati yake ya kuzaliwa, ambaye marehemu alikwisha kumtambua mbele ya ofisa wa serikali akiwa hai, na ambaye kwa sheria yetu yumo katika kundi la kwanza la warithi sawa na watoto wa ndoa. Mapatano ya ndugu waliokaa kikao hayakumfunga, na mnunuzi wa parseli anaanza kutembea mahakamani.

Sipendi hata hivyo msomaji adhani kwamba shahidi ni pambo la utaratibu, aje atamke jina lake na kuondoka. Ataulizwa: ulimwona marehemu akitia sahihi? Alikuwa na akili timamu? Nawe ulipotia yako, alikuwa anakuona? Na mwenzako je, alitia wapi na mbele ya nani? Swali hilo la mwisho ndilo linaloangusha wengi. Katika shauri la Janki Narayan Bhoir shahidi mmoja aliitwa, akasimulia yaliyomhusu yeye, lakini hakuweza kuthibitisha kwamba shahidi wa pili alitia sahihi. Wa pili alikuwa hai na hakuitwa, na wasia ukaanguka. Shahidi mmoja anatosha, ila ni lazima awabebe wote wawili.

Upo mlango mwingine ambao wakili pengine hakuwatajia. Kifungu cha 228 cha ile sheria ya 1925 kinaruhusu mahakama ya India kutoa barua za usimamizi wa mirathi, yaani hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia mali ya marehemu, pale wasia ulipokwisha kuthibitishwa na kuwekwa katika mahakama yenye mamlaka nje ya India, mradi nakala yake iliyoidhinishwa ipavyo iletwe. Kwetu mlango huo mara nyingi unabaki umefungwa kwa kosa letu wenyewe, kwa kuwa familia huishia kwenye muhtasari wa baraza na kwa notere, na haipo hukumu ya kupeleka.

Mwandishi anasema shahidi mmoja alifariki na wa pili alihamia Ndola, Zambia. Basi na aanzie Ndola. Katika shauri lisilo na mpinzani, mara nyingi mahakama za India hupokea hati ya kiapo ya shahidi badala ya kumtaka asafiri, na maofisa wa ubalozi wa India wana mamlaka ya kuapisha. Aliye Zambia anaweza kwenda kwenye ubalozi wao wa Lusaka, kama aliye Kongo aendavyo Kinshasa. Asiandikiwe kiapo cha mistari miwili. Kieleze siku ile tangu marehemu alipokalia kiti mpaka kalamu ilipomfikia shahidi wa pili, na kila mmoja alikuwa wapi. Karatasi ya watoto wote isitupwe, kwani inaonyesha hakuna mgogoro na itafupisha njia. Iambatanishwe nyuma ya kiapo hicho. Na iwapo mzee wa Ndola hatapatikana, au atakuwa amekwisha kufariki, sheria inaruhusu kuthibitisha mwandiko wa angalau shahidi mmoja pamoja na sahihi ya marehemu mwenyewe. Kwa hiyo vitabu vya zamani vya duka, hundi na barua zenye sahihi za wazee hao visichomwe wakati wa kusafisha nyumba.

Karani wa ofisi ya mawakili,
Lubumbashi