Kabla ya kutuma pesa ya chumba Uingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi na vijana wanaofunga mizigo kuja huku kusoma au kutunza wazee. Wakitumiwa picha za chumba hutazama kitanda na zulia, wakauliza kituo cha basi kiko wapi, kisha pesa ya dhamana inatumwa. Daraja la nyumba, yaani inavyokula nishati, hakuna anayeuliza.

Tangu 2008 anayepangisha nyumba huku sharti awe na cheti cha matumizi ya nishati. Mkaguzi hukagua kuta, paa, madirisha na mitambo ya joto, kisha huipa nyumba herufi kuanzia A hadi G. A bili yake nafuu, G ni kilio. Cheti hudumu miaka 10. England na Wales, tangu Aprili 2020, nyumba iliyo chini ya E haipangishwi ila kwa msamaha uliosajiliwa, na faini inaweza kufika pauni 5,000. Lakini mwenye nyumba halazimiki kutumia zaidi ya pauni 3,500 kuirekebisha, kwa hiyo F zenye msamaha zipo na watu wanaishi humo.

Mimi napanga Leicester, kwenye nyumba za zamani za matofali zilizoshikana, kuta zake ni tofali tupu, hazina uwazi katikati wa kujazwa sufi ya kuzuia baridi. Hita ni za umeme na mita ni ya kulipia kabla, LUKU kama ya kwetu. Januari ukitoka zamu ya usiku unakuta salio limekwisha, na nyuma ya kabati kuvu jeusi. Ukilalamika unaambiwa fungua dirisha! Na msidhani wenye nyumba wote ni Waingereza, wapo Waswahili wenzetu, nao hukwambia, "Dada, vaa soksi."

Sasa kuna tundu kwenye sheria hii, na ndilo linalotupata sisi. Anayekodi chumba kimoja na kuchangia jiko na choo, chumba chake hakidaiwi cheti. Wageni wengi ndiko wanakoanzia. Serikali ya Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, iliufuta mwaka 2023 mpango wa kupandisha kiwango cha chini kutoka E hadi C, na iliyofuata ikaurudisha kwa lengo la 2030. Wenye nyumba wanasema kodi itapanda. Kwani sasa haipandi?

Hata hivyo nyumba nzima mara nyingi inacho cheti. Omba postikodi, ingia kwenye daftari la vyeti la serikali mtandaoni. Ni bure, hata ukiwa Tanga. Soma maelezo ya kuta na aina ya joto, usiishie kwenye herufi. Ukiambiwa bili imo ndani ya kodi, uliza kikomo chake na kiandikwe kwenye mkataba. Asiyetaka kutoa postikodi, usimtumie hata senti.

Mzaliwa wa Tanga,
Leicester, Uingereza