Anayehara asinyimwe maji, wala asiachwe akishapata nafuu

Mhariri,

Mvua zikizidi na mto Nyando ukivunja kingo zake, sisi wa Kisumu tunajua kinachofuata. Visima vifupi vya Nyalenda na Manyatta, vingi vikiwa hatua chache tu kutoka vyooni, huingiwa na uchafu, na haipiti muda wodi zinaanza kupokea watu wanaohara. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote ya kazi. Sasa nimestaafu, lakini majirani bado hunigongea mlango usiku. Kinachonisukuma kuandika ni ushauri ninaousikia kila msimu huo ukifika, kutoka kwa nyanya, kutoka kwa mama wa mtoto, na mara nyingine, jambo linaloniuma zaidi, kutoka kwa anayeuza dawa: "Usimpe maji, mama, unamzidishia. Acha tumbo lipumzike kwanza."

Ushauri huo una wazee wake, tena madaktari waliosoma. Kipindupindu kilipoingia Uingereza mwaka wa 1831 kupitia bandari ya Sunderland, madaktari wengi waliwatoa wagonjwa damu na kuwapa kalomeli, dawa ya zebaki ambayo kazi yake ni kuharisha. Mtu ametokwa na maji meupe kama ya mchele uliooshwa hadi macho yakazama na sauti ikakauka, halafu anaongezewa dawa ya kumharisha na kukatwa mshipa juu yake! Damu yenyewe ilikuwa imegeuka nzito na nyeusi, ikawa hata kutoka haitoki vizuri. Wengine walimkataza mgonjwa maji huku akiyalilia. Sisemi walikuwa watu wakatili. Walifuata walivyofundishwa, na walifundishwa kwamba homa na sumu hutolewa mwilini.

Daktari kijana wa Ireland, William O'Shaughnessy, mwenye umri wa miaka 22 tu, alikwenda Sunderland akaichunguza damu ya wagonjwa. Akakuta imepungukiwa na maji na chumvi, akasema kilichopotea kirudishwe. Mei 1832, huko Leith karibu na Edinburgh, daktari Thomas Latta akalifanyia kazi wazo hilo.

Mgonjwa wake wa kwanza wa kutiwa maji mshipani alikuwa bibi mzee aliyeshindikana kwa dawa nyingine zote. Latta aliingiza mrija kwenye mshipa wa mkono, akaanza kutia maji yenye chumvi kidogo kidogo, na kwa muda hakuona badiliko lolote. Hakuacha. Mara pumzi za yule bibi zikawa nyepesi, mapigo ya moyo yakarudi kwenye kifundo cha mkono, uso ukapata rangi, mikono na miguu ikapata joto. Ilipofika nusu saa alikuwa ameingiziwa painti sita, takriban lita tatu, na alikuwa anazungumza kwa sauti thabiti, anatania, anasema hana tena anachohitaji ila usingizi kidogo. Latta akaona amepona, akamwacha chini ya daktari wa hospitali, naye akaenda kupumzika. Haukupita muda, kutapika na kuhara kukarudi. Hakuna aliyemrudishia maji tena. Saa tano na nusu baada ya Latta kuondoka, bibi akafa.

Latta mwenyewe aliyaandika haya yote katika barua iliyochapishwa na jarida la kitabibu la Lancet, bila kuficha jinsi yule bibi alivyoishia. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa uvumbuzi wenyewe.

Kifo cha namna hiyo nakifahamu. Katika wodi zetu kitanda cha kipindupindu ni cha turubai, kina tundu katikati, na chini ya tundu kuna ndoo iliyochorwa mistari ya lita. Mgeni akiingia hugeuza uso. Kwetu wauguzi, ile ndoo ndiyo iliyotuelekeza. Ukisoma lita mbili kwenye ndoo, ujue lita mbili zinadaiwa na mgonjwa, na kama mstari unaendelea kupanda, dripu haiondolewi hata kama mgonjwa ameketi anaomba uji na kuulizia ng'ombe wake. Hapo hasa ndipo muuguzi mchanga hufungasha vyombo akaenda kwa mgonjwa wa kitanda kingine. Niliwaambia wanafunzi wangu: usiutazame uso, soma ndoo.

Barua ya Latta haikuzaa matunda. Waliomwiga waliwatia maji wagonjwa waliokuwa tayari wanakata roho, mara nyingi kidogo mno na mara moja tu, na kwa maji ambayo hayakuwa safi. Wengi wakafa, tiba ikatupiwa lawama. Latta akafariki 1833. Kipindupindu kilipoishambulia Unguja mwaka wa 1869 na 1870, mlipuko ambao daktari wa Kiskoti James Christie aliyefanya kazi kisiwani aliuandikia kitabu kizima, wazo la kurudisha maji mshipani lilikuwa limekwisha kuachwa na madaktari wengi duniani. Hebu tuwakumbuke ndugu zetu wa Pwani waliokufa wakati dawa yao ilikuwa imeandikwa na kuchapishwa zaidi ya miaka 35 kabla.

Ilibidi ingojwe karne ya 20. Daktari Mwingereza Leonard Rogers alianza tena kutia maji ya chumvi mshipani kule Calcutta, India, na vifo vikapungua sana. Kisha, miaka ya 1960, watafiti wakathibitisha jambo ambalo kila mama wa Kano angepaswa kulijua: utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu, hata unapomwaga maji, bado unaweza kunyonya chumvi ikiandamana na sukari, na chumvi ikipita, maji huifuata. Kwa hiyo si lazima sindano. Mwaka wa 1971, vita vya Bangladesh vilipowakimbiza mamilioni ya watu hadi India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na dripu katika kambi ya Bangaon. Alichanganya chumvi na sukari katika mapipa yenye bomba, na ndugu wa wagonjwa wakayakinga kwa vikombe na kuwanywesha wagonjwa wao. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa kila wagonjwa 100 vilishuka hadi chini ya 4. Wanyweshaji hawakuwa madaktari. Walikuwa mama, baba na dada, na hawakuondoka kando ya mgonjwa.

Basi naumia ninapoona jirani yangu, msichana aliyejifungua juzijuzi, anarudi kutoka duka la dawa na vidonge vya kufunga tumbo na antibiotiki za bei kali, bila hata pakiti moja ya ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji. Nilimbana mtoto ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ikabaki imesimama, dalili kwamba mwili umeishiwa maji. Pakiti ni bei rahisi, na labda ndiyo sababu haisukumwi. Nawaomba wauza dawa wa mji huu: ORS na zinki vitangulie kwenye kaunta. Na wahudumu wa afya wa mitaani, mkimkabidhi mama pakiti, msimwachie hapo. Mwambieni itachukua usiku kucha. Wamama wengi humnywesha mtoto nusu kikombe tu, akichangamka wanaiweka dawa kando, na alfajiri wanatafuta bodaboda.

Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko sita vya chai visivyorundikwa, na chumvi nusu kijiko cha chai. Chumvi isizidi hapo, ikizidi ni hatari. Yaliyobaki yamwagwe baada ya saa 24. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, kwa kijiko, kila dakika moja au mbili. Mkubwa zaidi apewe nusu kikombe hadi kikombe kizima, na mtu mzima anywe kadiri atakavyo. Zinki hutolewa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma.

Akitapika, ngojeni dakika kumi muanze upya, polepole zaidi. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakizama, au kinyesi kikawa kama maji ya mchele, mkimbizeni hospitali na mwendelee kumnywesha njiani.

Muuguzi mstaafu,
Nyalenda, Kisumu