Nimemwona nzohe

Kitale,
Jumapili jioni

Kwako somo yangu,

Salamu nyingi. Barua yako ya safari ya Maasai Mara ilinifika, na picha za simba nimezionyesha nyumba nzima. Ile ya magari yamemzunguka simba mmoja hadi hana pa kupitia ilinichekesha, halafu ikanikera. Basi na mimi nikusimulie safari yangu ya jana, maana nina hakika mahali nilipokwenda hujapata hata kulisikia jina lake.

Niko huku kwa dada, nimekuja kumwona mtoto. Jana alfajiri, na baridi ya Kitale unaisikia tu, usiombe ikupate, nilimburura shemeji tukapanda matatu ya njia ya Kapenguria, tukashuka njia panda, tukamalizia kwa boda hadi lango la Saiwa Swamp. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya: kilomita mraba 3 hivi, basi. Mahindi ya watu yanaishia uani na mbuga inaanzia papo hapo. Uko ndani unatafuta wanyama, na huku unasikia mbwa wa jirani akibweka na redio ya mtu ikisoma matangazo ya vifo. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, yule swala wa kwenye kinamasi.

Gari haliingii. Unatembea kwa miguu yako, kwanza chini ya miti mikubwa, kisha juu ya njia ya mbao iliyopita katikati ya matete na mafunjo. Zile mbao asubuhi zina umande, zinateleza kama sabuni. Kuna majukwaa ya mbao yaliyoinuliwa; unapanda, unakaa, unanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikomshinda shemeji. Bei ya mbolea, bei ya gunia, nani kauza shamba, mpaka nikamwambia, "Shemeji, hao wanyama wana masikio."

Nzohe hula asubuhi mapema na jioni. Jua likishapanda anajilaza humo ndani ya mafunjo, na hutamwona hata akiwa hatua chache kutoka ulipo. Akishtuliwa anaingia majini, anazama, anabakiza pua tu juu. Kwa hiyo tulikaa. Korongo wenye taji walipita wakipiga kelele zao. Ndege mmoja wa rangi ya zambarau, mdomo manjano, alipofungua mbawa zikatoka nyekundu kabisa, na shemeji akasahau gunia kwa dakika nzima.

Kisha matete yakatikisika upande mmoja bila upepo. Likatoka sikio, halafu kichwa, halafu jike zima, wekundu uliochanganyika na hudhurungi, mistari myeupe na madoa ubavuni, manyoya marefu yamelowa na kushikamana. Alikuwa anakula huku maji yakimfika tumboni, bila haraka yoyote. Nilipomvuta kwa darubini ya dada nikaona anavyoinua mguu: kwato ndefu, nyembamba, zinatanuka anapokanyaga, ndiyo maana anatembea juu ya majani yanayoelea pale ambapo ng'ombe angezama hadi kiunoni. Nyuma yake akatokea dume, mweusi zaidi, pembe zimejipinda, akatutazama moja kwa moja. Shemeji alinishika mkono akaubana! Mtu aliyezaliwa huku huku, na hakuwa amewahi kumwona.

Wakati wa kutoka tulimkuta kima wa De Brazza mtini, ndevu nyeupe, paji la uso lina ukanda wa rangi ya chungwa, amekaa kimya ukadhani mzee wa baraza anayesubiri kesi iitwe. Hao wanapenda kutulia wakiogopa, kwa hiyo ni rahisi kuwapita. Fisi maji wako pia, lakini sisi hatukubahatika.

Njiani shemeji alinyamaza kwa hiari yake. Tulipofika barabarani akasema shamba lake lina mteremko, na mvua ikinyesha kwa nguvu udongo na mbolea vyote huenda mtoni, na mto ndio huo unaoingia kwenye vinamasi vya watu wa chini. Sikumjibu. Lakini nimemwona leo mchana amesimama ukingoni mwa shamba akipima kwa miguu mahali pa kupanda majani ya ng'ombe ili yazuie udongo. Tuone kama atafika Jumatatu.

Wewe baki na simba wako, sikukatazi. Ila kule mnaona mnyama anayeona magari kila siku, na nadhani amechoka. Huyu wangu tulimngojea hadi miguu ikafa ganzi, na hakuna dereva aliyepigiwa simu na mwenzake kuambiwa yuko wapi.

Njoo Desemba. Tutalala kwa dada ili tufike langoni mapema, na ukiwa na siku ya ziada tutapitia Kingwal kule Nandi, ambako nzohe wanaishi kinamasini nje ya mbuga kabisa, katikati ya mashamba. Lete viatu vinavyoshika, si hizo kandambili zako za Mombasa, na sweta, tena nzito. Halua ya dada usisahau, ameshaniuliza mara mbili kama nimekuandikia.

Msalimie Mama na watoto.

Ni mimi somo yako.